Ampu ya tyubu au ya transista: namna ya kuchagua ukiwa Dar es Salaam

Kabla hujauliza ampu ipi ya gitaa ina sauti tamu, chukua mita ya kupimia volti upime soketi ya mahali utakapopigia. Pima saa nne asubuhi, kisha pima tena saa mbili usiku, wakati friji, feni na viyoyozi vya mtaa mzima vinafanya kazi. Namba inayotakiwa ni volti 230. Ikicheza kati ya 220 na 240, uko huru kuchagua ampu yoyote. Ikishuka usiku hadi 190, au ikipanda kupita 250, nusu ya jibu umeshalipata.

Ndani ya kila tyubu, ile chupa ya kioo inayokuza sauti, mna waya mdogo wa kupasha joto. Kwenye ampu nyingi za gitaa waya huo unataka volti 6.3, na unavumilia kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 hivi. Volti hizo zinatoka kwenye transfoma, ambayo haisahihishi chochote: kinachoingia pungufu kinatoka pungufu. Soketi ikiwa na 190, tyubu inapata 5.2 tu. Joto halitoshi, sauti inalegea, na tyubu inayoendeshwa hivyo kila wiki inachoka mapema. Soketi ikiwa na 250, waya unapata kama 6.8, bado ndani ya mpaka. Tatizo ni kwamba volti za anodi (bati la ndani ya tyubu), ambazo hata siku ya kawaida huwa 300 hadi 500, nazo zimepanda, na kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme ndani ya ampu) zilizozeeka ndizo huanza kupasuka.

Ampu ya transista, inayokuza sauti kwa vipande vidogo badala ya tyubu, hainusuriki na kila kitu, ila kushuka kwa umeme inakuvumilia vizuri zaidi. Nguvu hupungua kwa mraba wa volti, kwa hiyo ampu ya wati 100 kwenye soketi ya 190 inabaki na wati 68 hivi. Kwa sikio hiyo ni tofauti isiyofika desibeli 2 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Wengi jukwaani hawataijua.

Kinachoua ampu zote mbili ni umeme unaporudi baada ya kukatika. Ukikatika, zima swichi ya ampu na uchomoe plagi papo hapo. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Kama unapiga mahali pamoja kila wiki, nunua stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti), na ichague kwa matumizi ya ampu, maana wati za sauti ni kitu kingine. Nyuma ya ampu pameandikwa inakula wati ngapi. Zidisha mara mbili ndipo uende dukani. Ampu ya tyubu ya wati 20 za sauti inaweza kula wati 100 na zaidi muda wote imewashwa, hata kama hujagusa gitaa.

Tofauti ya sauti

Tofauti inatokana na namna kila ampu inavyofika mwisho wa nguvu zake. Ya tyubu ikisukumwa haikati wimbi ghafla. Inalibana kidogo kidogo, noti inanenepa, kisha inaanza kukoroma; ukilegeza mkono inarudi safi, ukikaza inakoroma tena. Ya transista inabaki safi hadi ukingoni, halafu inakata wimbi kwa mkupuo na sauti inachoma masikio. Ndiyo sababu ampu ya tyubu ya wati 15 husikika kubwa kuliko ya transista ya wati 15: ile ya kwanza inapigika hata ikiwa imevuka mpaka wake, ya pili haipigiki.

Sasa angalia muziki unaopiga. Dansi ya Dar, kama Mlimani Park walivyoipiga tangu 1978, imejengwa juu ya magitaa yanayojibizana: solo, solo la pili, ridhimu, na besi chini yao. Kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, kila noti inatakiwa isikike peke yake. Gitaa la ridhimu likikoroma pale, linammeza mwenzake wa solo na kuingia hadi kwenye eneo la waimbaji. Muziki huu unataka sauti safi yenye akiba kubwa ya nguvu, na hapo transista iko nyumbani kwake. Roland JC-120, iliyotoka 1975 ikiwa na wati 120, spika mbili za inchi 12 na korasi ya stirio, ni transista tupu, na wapiga gitaa duniani kote wanaipenda kwa usafi huohuo. Kupata usafi wa kiasi hicho kwa tyubu unahitaji kitu kama Fender Twin Reverb: wati 85, tyubu nne za 6L6, na uzito unaokaribia kilo 30.

Kama unapiga bluzi, roki, au solo ndefu zinazolia, hesabu inageuka. Chukua tyubu ya wati 15 hadi 22: Vox AC15 yenye tyubu mbili za EL84, au Fender Deluxe Reverb yenye tyubu mbili za 6V6. Usinunue ya wati 50 au 100 kwa kudhani unapata zaidi. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Ampu ya wati 100 kwenye baa ya Sinza utaiacha kwenye namba 2 usiku kucha, wakati utamu wake unaanzia namba 6.

Kanisani shida ni hiyohiyo, tena zaidi. Fundi wa mikisa atakuomba upunguze, utapunguza, na tyubu zako hazitapata nafasi ya kuimba. Pale transista ya wati 30 hadi 50 iliyowekewa maiki inatosha kabisa. Zinafaa pia ampu za dijitali zinazoiga sauti ya tyubu, hasa zenye swichi ya kupunguza nguvu. Boss Katana 50, kwa mfano, inashuka hadi nusu wati.

Kwa mtu anayenunua ampu yake ya kwanza hapa mjini, awe wa bendi, wa kwaya au wa Bongo Fleva ya laivu, sisi tunasema nunua transista yenye spika ya inchi 12: wati 60 au zaidi kama kuna ngoma na hakuna maiki mbele ya ampu. Ukitaka kukoroma weka pedali ya ovadraivu, na uache gaini ya ampu chini. Tyubu inunue ukiwa na umeme uliotulia, mahali pa kupigia kwa sauti, na fundi anayejua kupima biasi (mpangilio wa mkondo unaopita kwenye tyubu kabla hujapiga). Kikikosekana kimojawapo, subiri.

Ampu zenye plagi ya Marekani

Baadhi ya ampu zilizotumika zinaingia Kariakoo zikiwa za volti 120. Soma kibao cha nyuma kabla ya kugusa swichi. Ikiwa 120V na hakuna sehemu ya kubadilishia, unahitaji transfoma ya kushusha. Stabilaiza ya kawaida haishushi, kwa hiyo usidanganyike. Ampu ikila wati 180, tafuta transfoma ya 400 au 500. Kibao kikisema 60Hz pekee, kumbuka umeme wetu ni 50Hz: transfoma ya ndani itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Iwashe nusu saa, kisha gusa bodi kwa nje, karibu na transfoma. Kama mkono hauvumilii, iache dukani.

Fyuzi nayo ifuate kibao. Ampu ya 230 hutumia fyuzi ya karibu nusu ya ile ya 120, na herufi T maana yake inachelewa kukatika ili ivumilie mshtuko wa kuwasha. Ikikatika mara mbili mfululizo kuna kitu kimeungua ndani. Kuiziba kwa waya au karatasi ya sigara ni kuichoma transfoma, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Kuijaribu dukani

Nenda na gitaa lako na waya wako. Ukitumia vya dukani hutajua kasoro ni ya nani.

Washa ampu sauti ikiwa sifuri. Kama ina swichi ya pili ya kusubiri, ipe dakika moja kabla ya kuifungua. Sikiliza: mvumo mdogo wa chini ni kawaida, mvumo mkubwa usiofuata nobu ya sauti unaashiria kapasita zilizochoka. Zungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo wa nobu unatibika kwa dawa ya kusafishia kontakti, kwa hiyo utumie kupunguzia bei, usikukimbize. Jeki (tundu la kuchomekea waya) inayocheza na kukatakata sauti ni kazi ya kuchomelea, nayo ni ndogo.

Kwa ya tyubu, chungulia nyuma. Juu au ubavuni mwa kila tyubu kuna doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na tyubu imekufa. Mwanga wa chungwa katikati ni wa kawaida. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo nao hauna madhara. Bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima mara moja: biasi imekosewa au kapasita inavuja. Kisha gonga tyubu ndogo za 12AX7 moja moja kwa ncha ya penseli. Mlio mdogo si neno, ila inayolia kama kengele inabadilishwa.

Spika ipime kwa mita, ampu ikiwa imezimwa na spika imechomolewa. Ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma 6 hadi 7, ya omu 16 husoma karibu 12 au 13. Isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imekatika. Isukume koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu na kwa usawa. Ukisikia mchakacho, koili inasugua sumaku.

Kwa ya transista, mwombe fundi apime volti za DC kwenye njia ya spika bila kupiga chochote. Zisizidi milivolti 100. Zikiwa volti nzima au zaidi, transista za kutolea sauti zinaelekea kufa na zitaondoka na spika.

Mwisho piga kwa nusu saa bila kuzima, kodi zote unazozipiga jukwaani. Kasoro nyingi hujitokeza ampu ikishapata moto, na muuzaji anayekataa nusu saa hiyo amekwishakueleza unachohitaji kujua.

Makosa yanayoua

Ampu ya tyubu isiwashwe kamwe bila spika. Nishati isipopata pa kwenda inageuka volti kubwa ndani ya transfoma ya kutolea sauti na kuitoboa. Ya transista haijali kukosa spika, ila inaogopa kinyume chake: spika za omu ndogo mno. Iliyoandikwa omu 8 ukiifungia spika mbili za omu 8 kwa sambamba, inaona omu 4, inatoa mkondo kupita uwezo wake na kuungua. Katika zote mbili, waya wa kwenda spika uwe mnene wa spika. Wa gitaa ni mwembamba na utapata moto.

Waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, usikatwe. Nyumba na kumbi nyingi hazina ethi inayofanya kazi, na ukigusa nyuzi huku midomo iko kwenye maiki unapigwa shoti. Pima kwa mita kati ya nyuzi za gitaa na maiki kabla ya kuimba. Ukiona makumi ya volti, acha kupiga hadi umeme urekebishwe. Ukitumia inveta, iwe ya wimbi safi, kwani ile ya bei rahisi huleta mvumo usiotoka kwa nobu yoyote.

Tyubu mpya zinatengenezwa katika viwanda vichache, vikiwamo vya Slovakia, Urusi na China, na hapa mara nyingi utaziagiza. Weka akiba ya 12AX7 moja, jozi moja ya tyubu kubwa zilizolinganishwa, na fyuzi tano. Ampu nyingi za EL84 zinajipanga zenyewe, lakini zenye biasi ya kurekebishwa lazima zipimwe kila ukibadilisha jozi. 6L6GC, ambayo mpaka wake ni wati 30, ikiwa kwenye volti 420 ipewe miliampia 50 hivi, yaani wati 21, asilimia 70 ya mpaka. Kazi hii si ya kujifunzia: kapasita hushika volti 400 hata baada ya kuchomoa plagi. Ya transista ni rahisi zaidi, kwa sababu fundi redio anazijua IC (chipu za kukuza sauti) kama TDA7294 kutoka kwenye sabufa, na zinapatikana Kariakoo.

Chumvi ya pwani hula soketi za tyubu na jeki zote. Funika ampu kwa kitambaa kinachopitisha hewa, maana nailoni hufungia unyevu ndani, na iwashe angalau mara moja kwa wiki ikauke. Baada ya shoo iache ya tyubu ipoe dakika 15 kabla ya kuipakia kwenye bajaji: tyubu ikiwa ya moto, mtikisiko unaoweza kuvumilika ikiwa imepoa hupinda vyuma vyake vya ndani.