Namna ya kuandaa kozi ya cheti cha usimamizi wa utafiti chuoni

Anayepewa kazi ya kuandaa cheti hiki aanze na majalada, mtaala utafuata. Omba ruhusa ya kurugenzi ya utafiti, ya fedha na kitengo cha ununuzi, kisha tumia wiki mbili kukusanya nyaraka zilizorudishwa: bajeti iliyokataliwa na mfadhili, masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi kwa matumizi ya kazi) yaliyokaa miezi mitano bila kurejeshwa, hoja za mkaguzi wa nje, mkataba uliosainiwa na mtafiti mkuu ilhali mwenye mamlaka ya kuusaini ni chuo. Ficha majina yote. Rundo hilo ndilo litakalokuonyesha cha kufundisha, kwa sababu wengi wanaofanya kazi hii katika vyuo vyetu hawakuisomea: ni mhasibu, katibu muhtasi au afisa ugavi aliyeongezewa mradi mmoja, kisha wa pili, hadi ikawa ndiyo kazi yake. Sehemu yake anaijua vizuri. Jambo ambalo hajawahi kuoneshwa ni safari nzima ya ruzuku.

Kwa hiyo mtaala ufuate safari hiyo, kuanzia tangazo la mfadhili, andiko, bajeti, mkataba, vibali, matumizi na taarifa, hadi kufunga mradi na kuhifadhi kumbukumbu zake. Mtaala uliogawanywa kwa idara, fedha peke yake na maadili peke yake, hurahisisha kupanga walimu, lakini humrudisha mshiriki kwenye dirisha lile lile alilotoka.

Bajeti ipewe muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote, na ifundishwe kwa kalamu na kikokotoo. Chukua mfano wa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za kukiendesha chuo chenyewe, kama umeme na ofisi. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zimekuwa zikizipa taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja, ambayo haikokotolewi juu ya vifaa vikubwa. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za dola 250,000, zikiwemo dola 50,000 za mashine ya maabara, utakokotolewa juu ya dola 200,000, na chuo kitapata dola 16,000. Mshiriki atakayeandika dola 20,000 amezidisha dola 4,000, na afadhali aligundue kosa hilo darasani. Mpe zoezi hilo hilo mara ya pili akiongeza taasisi mshirika na ada ya mwanafunzi wa uzamili, kisha umtake aeleze kwa maandishi kwa nini kila kiasi kimeingia au kimeachwa. Kwa kuwa masharti ya wafadhili hubadilika, kila mkupuo wa washiriki usome hati halisi ya ruzuku ya mwaka huo badala ya kutegemea slaidi za mwaka jana.

Upande wa sheria uwe wa hapa nyumbani. Kwa Tanzania Bara mshiriki ajue lini utafiti wa afya unapelekwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, lini mtafiti wa kigeni anaomba kibali COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kwamba Zanzibar ina utaratibu wake. Aisome pia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na matumizi ya NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi huo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ipo mitihani ya kimataifa ya taaluma hii, kama ule wa baraza la Marekani la kuthibitisha wasimamizi wa utafiti, lililoundwa mwaka 1993, na una heshima yake. Lakini hautamfundisha mtu namna ya kuandika dokezo la masurufu.

Kuhusu idhini, andiko la kozi hupita idara, bodi ya kitivo na Seneti. Ongea mapema na ofisi ya udhibiti ubora ili ujue kama cheti kitabeba krediti na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, itahitaji nini. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, hivyo cheti cha krediti 30 ni saa 300, na sehemu kubwa ya saa hizo inaweza kufanyika kazini kwa mshiriki mwenyewe. Darasani mkutane wiki moja moja. Msiiweke Juni, mwaka wa fedha wa Serikali unapofungwa, wala siku za kuelekea tarehe 5 Februari na 5 Oktoba, ambazo maandiko mengi mapya ya NIH huwasilishwa. Hakuna mkuu wa idara atakayemruhusu mtu wake siku hizo. Katikati ya Machi, Agosti na Novemba panafaa.

Mtihani wa mwisho uwe jalada. Kila mshiriki apewe mradi wa kubuni wenye kasoro zilizopandwa kwa makusudi, kwa mfano stakabadhi yenye tarehe ya baada ya mradi kufungwa, posho ya siku moja iliyolipwa na miradi miwili, au kibali cha maadili kilichokwisha muda, naye aandike dokezo la kurasa mbili kwa mkurugenzi. Lisahihishwe na wawili, mhadhiri na mhasibu wa ruzuku aliye kazini, kwani mhadhiri peke yake atasahihisha lugha. Kundi la kwanza lisizidi watu 20, na nusu yao watoke vyuo vingine. Watu wa ofisi moja wakikaa pamoja hulindana.