Kutaja umbo la ua bila kubahatisha

Tafuta wembe mpya, rula yenye milimita na karatasi nyeupe. Rangi iache kwanza. Swali la mwanzo ni hili: petali zimeungana au zimeachana? Vuta moja taratibu. Ikitoka nzima, kama ya waridi, zimeachana. Ikichanika, zimeungana.

Zilizoungana hufanya bomba, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa kila bomba huitwa tarumbeta. Pima upana mara tatu: chini, katikati, mdomoni. Ukikaribiana kote, huo ni mrija. Ukiongezeka polepole, ni faneli. Bomba likitanuka ghafla karibu na kikonyo kisha kuta zikapanda karibu wima, ni kengele. Ua la nyanya halina bomba la maana. Petali zimelala bapa, basi ni sahani.

Jaribu mjakaranda, maana Oktoba Nairobi huna haja ya kupanda mti. Maua yake yameanguka kote barabarani. Okota moja, ulipasue kwa urefu. Utaona sehemu nyembamba chini, kisha tumbo linalotanuka hadi ndimi tano: umbo lililo kati ya faneli na kengele, nawe andika hivyo hivyo. Ndani mna stameni nne, yaani vijiti vinavyotoa chavua, na ya tano ndefu yenye manyoya, isiyotoa chavua. Lakini ua la kuokota halitoshi. Linapoanguka huacha sepali (vijani vya nje vinavyoshika ua) na ovari (kifuko cha mbegu) tawini, kwa hiyo ukieleza la chini pekee utadhani halina sepali. Tazama na lililo mtini.

Kisha ulinganifu. Ua la nyanya waweza kuligawa kwa njia kadhaa, nusu zikalingana. La maharagwe, au la mitoo, mboga ile ya sokoni, lina njia moja tu: petali moja juu iitwayo bendera, mbili kando ziitwazo mbawa, na petali mbili za chini zilizoshikana kama mtumbwi. Hilo ni umbo la kipepeo. Fungua mtumbwi kwa ncha ya wembe. Stameni zimefichwa humo.

Bogenvilia ya ugani ndiyo laghai mkubwa. Zile "petali" tatu nyangavu ni majani yaliyogeuka. Maua yenyewe ni mirija mitatu miembamba katikati, kila mmoja umeshikana na jani lake. Hata mirija hiyo ni sepali, petali hazipo.