Jinsi ya kuchagua darubini ya kutazamia ndege, ya daraja la kati au la juu

Kila ninapoongoza kundi la watazama ndege, hakosi mmoja wa kunivuta pembeni aniulize: "Ninunue ipi?" Hutaraji nimtajie jina. Mimi humuuliza kwanza kama anavaa miwani, kisha saa ngapi za siku anatoka kutazama. Darubini ya daraja la kati inayokaa vizuri machoni itakuonyesha ndege wengi kuliko ya daraja la juu inayokusumbua kila ukiiinua. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Suala la pesa nimeliweka karibu na mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Elewa namba mbili zilizoandikwa juu yake

Kwenye 8x42, namba 8 ni idadi ya mara ambazo ndege anakuzwa, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25. Hicho ni kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. 10x42 hutoa duara la milimita 4.2, na 8x32 hutoa la milimita 4.

Jua likiwaka, mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo zote tatu zitaonekana angavu. Tofauti hujitokeza alfajiri, jioni na ndani ya msitu mnene, mboni inapopanuka. Tena duara pana lina faida hata mchana: jicho likisogea kidogo halipotezi picha, na vile vivuli vyeusi vinavyokuja na kuondoka havikusumbui.

Wengi huikimbilia 10 kwa kudhani zaidi ndiyo bora. Lakini mtikisiko wa mikono nao hukuzwa mara 10, na eneo unaloliona hupungua. Nikon Monarch M7 ya 8x42 huonyesha upana wa mita 145 kwa umbali wa mita 1,000, na ya 10x42 huonyesha mita 121 tu. Kwa ndege mdogo anayerukaruka katikati ya majani, upana huo uliopungua ndio unaompoteza. Kama kazi yako ni bata walio mbali ziwani au tai angani, na mikono yako imetulia, 10 itakufaa. Vinginevyo chukua 8. Kwa mtu ambaye hajaamua bado, sijawahi kushauri tofauti.

Hatua ya 2: Anza na miwani yako

Anayevaa miwani atafute darubini ambayo picha yake hukamilika jicho likiwa angalau milimita 16 kutoka kwenye lenzi ya nyuma. Lakini usiishie kwenye karatasi ya vipimo, kwa sababu wakati mwingine ukingo wa vikombe vya macho, yaani vile vinavyozunguka lenzi ya nyuma unapoweka jicho, hula sehemu ya nafasi hiyo. Shusha vikombe hadi mwisho, tazama ukiwa na miwani yako, na uhakikishe unaona duara zima hadi mpaka wake mweusi. Ukiona tundu dogo katikati, irudishe, hata kama kila mtu anaisifu.

Hatua ya 3: Irekebishe kabla ya kuihukumu

Nimeona darubini nzuri sana zikikataliwa kwa sababu mtu aliruka hatua hii. Kunja au kunjua bawaba hadi uone duara moja. Funika lenzi ya mbele ya upande wa kulia, tazama kitu chenye maandishi au mistari midogo, na uzungushe gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funika ya kushoto na urekebishe jicho la kulia kwa pete ya diopta, ile inayosawazisha tofauti ya macho yako mawili, bila kugusa gurudumu. Baadhi ya darubini zina diopta mahali pengine, kwa hiyo angalia kwanza. Ukimaliza, kumbuka alama ilipo.

Hatua ya 4: Ijaribu kwenye mwanga mgumu

Chini ya taa za duka karibu kila darubini inapendeza. Omba kutoka nayo nje, ikiwezekana jua linapokaribia kuzama. Tazama tawi jeusi lililo mbele ya anga jeupe: je, ukingo wake una utepe wa zambarau au kijani? Lenzi za kioo cha ED, yaani kioo kisichotawanya sana rangi za mwanga, hupunguza kasoro hiyo sana. Kisha tazama upande ulio karibu na jua, lakini kamwe usilielekee jua lenyewe, maana litakuharibu macho. Picha ikifunikwa na weupe kama wa maziwa, kumbuka kwamba ndivyo utakavyomwona ndege aliye upande wa jua kila asubuhi.

Hatua ya 5: Jua pesa za ziada zinanunua nini

Darubini nyembamba zenye mirija iliyonyooka hutumia prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga, ambazo zamani zilipoteza ukali wa picha. Mwaka 1988 Zeiss ilileta utando wa kurekebisha fezi ya mwanga, yaani mpangilio wa mawimbi yake, na leo utando huo upo hata kwenye daraja la kati. Ndiyo maana katikati ya picha pengo limekuwa dogo.

Unapopanda daraja, unalipia zaidi pembeni mwa picha. Zeiss Conquest HD 8x42 ya daraja la kati huonyesha mita 128 kwa mita 1,000; katika daraja la juu, Zeiss Victory SF 8x42 huonyesha mita 148, na Swarovski NL Pure 8x42 mita 159, tena kwa ukali unaofika karibu na ukingo. Monarch M7 ni pana pia, ila pembeni hulegea. Ukitoka kila wiki kwa saa nyingi, macho yatausikia ustarehe huo. Ukitoka mara chache kwa mwaka, mimi ningebaki daraja la kati na kutumia pesa iliyobaki kwa safari za kuwatafuta ndege.

Hatua ya 6: Uzito na mengineyo

Ihakikishe haipitishi maji na imejazwa gesi ya naitrojeni au agoni, ili ukungu usiingie ndani. Gurudumu lizunguke laini bila kulegea. Ukipenda na vipepeo, tafuta inayoona kitu kilicho mita 2 au karibu zaidi.

Kisha iinue na uishikilie machoni dakika tano bila kuishusha. Gramu 840 za NL Pure na 670 za M7 zinaonekana kukaribiana kwenye karatasi, lakini mabega yako yatakwambia tofauti.