Kurambaza nguru nje ya miamba ya Dar es Salaam: chambo, mwendo na mishipi

Boti ya faiba ya mita 7, mashine moja nzima, watu watatu na mishipi mitatu vinatosha kurambaza nguru (kumvua kwa chambo kinachovutwa nyuma ya boti inayokwenda) ukitokea Kunduchi, Msasani au Kigamboni. Wengi wanaorudi mikono mitupu wamepita juu ya samaki. Tatizo ni chambo kisichoogelea sawasawa. Nguru ana macho makali, na chuchunge, samaki mdogo wa chambo mwenye mdomo mrefu wa chini, akizunguka kama pia nyuma ya boti hamdanganyi.

Hatua ya 1: Waya na ndoana

Meno ya nguru hukata nailoni mara moja, kwa hiyo sentimita 50 za mwisho ziwe waya wa chuma wa uzi mmoja, unene wa milimita 0.4 hivi. Pitisha waya kwenye jicho la ndoana namba 7/0, kisha sokota nyuzi zote mbili kwa pamoja mizunguko 4 au 5 ya msalaba, umalizie na mizunguko 4 iliyobanana. Ukizungusha uzi mmoja juu ya mwenzake ulionyooka, fundo litateleza samaki akivuta. Ncha iliyobaki usiikate kwa koleo. Ikunje mbele na nyuma mpaka ikatike yenyewe, kwa sababu koleo huacha kijiti kinachochana viganja.

Ongeza ndoana ya pili kwa kipande cha waya cha sentimita 10 hadi 12. Nguru hushambulia kwa kukata mkia kwanza, na mwenye ndoana moja ya mbele hubaki na kichwa cha chambo tu.

Hatua ya 2: Kumvisha chuchunge

Hapa usiharakishe. Chagua chuchunge wa sentimita 20 hadi 25, mgumu, mwenye macho angavu. Mpake chumvi ya mawe usiku mzima kwenye ndoo yenye barafu, nyama ikaze. Asubuhi mkamue tumbo kuelekea mkiani utoe uchafu, kisha mpinde mgongo taratibu kushoto na kulia mpaka uti ulegee.

Ingiza ndoana ya mbele kupitia shavu, ncha itokee tumboni katikati kabisa. Kabla ya kuichoma, ilaze ubavuni mwa samaki upime: jicho la ndoana likae usawa wa mdomo. Tundu la kutokea lipanue kidogo kwa kisu ili ndoana icheze. Likibana, tumbo litavutwa, mwili utajikunja, na chambo kitazunguka. Vunja mdomo mrefu wa chini, weka chubwi (kipande cha risasi cha kuzamisha) la gramu 10 hadi 15 chini ya kidevu, kisha funga mdomo na chubwi pamoja kwa waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya nyaya za umeme. Ndoana ya nyuma ichome juujuu karibu na mkia, waya wake ubaki umelegea.

Mjaribu ubavuni mwa boti kabla ya kumwachia. Akiogelea wima, tumbo chini, mwachie. Akigeuka ubavu, mtoe umrekebishe. Suiveli, kiungio kinachozunguka kati ya mshipi na waya, hupunguza kusokoteka kwa mshipi, lakini haitibu chambo kilichovishwa vibaya.

Hatua ya 3: Kupanga mishipi

Mmoja mita 15 nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya boti), wa pili mita 30, wa tatu mita 50. Ule wa katikati utie chubwi la nusu kilo, mita 6 mbele ya chambo, ushuke chini. Kwa rodi, breki iwe theluthi moja ya uwezo wa mshipi: mshipi wa kilo 18 uanze kuachia kwenye kilo 6. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, mkono hudanganya. Kwa mshipi wa mkono, funga kipande cha mpira wa tairi la ndani kati ya mshipi na boti upokee mshtuko.

Hatua ya 4: Mwendo

Chambo halisi kinataka noti (maili za baharini kwa saa) 3 hadi 5. Samaki wa plastiki noti 5 hadi 7. Usitegemee GPS peke yake. Inapima mwendo juu ya ardhi, na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Ukielekea kaskazini GPS ikisoma noti 5, chambo huenda kinaogelea kwa noti 3 na nusu tu. Angalia povu la maji, au tupa jani, usawa wa omo (mbele ya boti), uhesabu sekunde mpaka lifike tezi. Kwa boti ya mita 7, sekunde 3 na nusu ni noti 4.

Kata kona kwa upana. Mshipi wa ndani ya kona hupungua mwendo na kuzama, wa nje huongeza. Samaki akiuma wa ndani, punguza mwendo. Akiuma wa nje, ongeza. Kagua mwani kila dakika 10, kwa kuwa jani moja kwenye ndoana linaua chambo chote.

Hatua ya 5: Mahali na wakati

Fuata ukingo wa nje wa mwamba, pale kina kinaposhuka kutoka pima 10 kwenda 20, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Ukiona ndege wanapiga mbizi, zunguka kando ya kundi la samaki walio chini yao. Ukilipasua katikati litazama. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, usirambaze humo. Kaa pia mbali na njia ya meli za bandarini. Kusi likivuma kwa nguvu, boti ndogo isitoke nje ya miamba, na kila mtu avae jaketi okozi.

Akiuma

Usizime mashine. Endelea sekunde 3 hadi 5 ndoana izame, kisha punguza mwendo na ukusanye mishipi mingine. Usimnyang'anye nguvu, mdomo wake huchanika upesi. Mshipi ubaki umekaza muda wote. Mpige upembo (ndoano kubwa yenye mpini) nyuma ya kichwa, mkate matamvua atoke damu, umtumbukize kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Nguru na jodari wakikaa juani hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki hata ukiwakaanga.