Spea za kerezo la zamani: tafuta namba, si jina la mashine

Kerezo langu la mbao, yaani mashine ya kuzungusha mti ili kuuchonga, lilipoanza kunguruma nilihangaika sana kuulizia spea kwa jina la kiwanda kilichokwisha kufungwa. Kumbe beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti (mhimili unaozunguka), haina haja ya jina hilo. Ichomoe, futa grisi, soma namba iliyochongwa ubavuni, kisha ulizia namba hiyo popote panapouzwa beringi, hata za pikipiki au pampu. Vipimo vyake ni vya kimataifa: 6205 ni tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15, yeyote aliyeitengeneza. Herufi 2RS zinamaanisha ina mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili. Kwa kazi ya mbao chukua hiyo. Namba ikiwa imefutika, pima hivyo vitatu kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene).

Njia hii hukwama kwenye mashine kuukuu za Uingereza au Marekani zenye vipimo vya inchi. Shafti ya inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hiyo usiigongee beringi ya 25. Na ukikuta bushi ya shaba (bomba fupi lisilo na gololi) badala ya beringi, mpelekee fundi wa kukereza chuma pamoja na shafti yenyewe, maana shafti nayo huwa imelika.