Ninavyonunua VPN ya punguzo na kuishi nayo

Mimi ni muuza madera na leso. Mzigo hutoka kwetu Mombasa, hupita Busia, nami huupokea Kampala na kuugawa kwa bodaboda. Wateja wangu wa mwanzo wote niliwapata Facebook, na Facebook hapa Uganda ilifungwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu. Tangu hapo, asubuhi kabla sijabandika chai, nawasha VPN, programu ya simu inayonivusha kizuizi hicho. Nimepitia za bure, nimepitia ya kulipa mwezi kwa mwezi na ya mwaka mmoja, na sasa niko kwenye ya punguzo la miaka miwili. Shoga zangu wa biashara hawaishi kuniuliza watumie ipi. Jina silitaji, maana inayokwenda vizuri kwenye laini yangu yaweza kukwama kwenye yako. Nitakwambia ninavyoichagua.

Kwanza ujue unanunua nini. Mzigo wangu huingia ndani ya gunia lililoshonwa. Anayesimama njiani huona gunia linapita, haoni kama ndani kuna dera la zari au kaniki. VPN ni gunia hilo: kampuni ya simu inaona kuna data inapita, haijui unakwenda wapi. Lakini gunia lazima lifunguliwe mahali, na anayelifungua ni kampuni ya VPN. Kwa hiyo hujaacha kumwamini mtu, umebadilisha tu wa kumwamini. Na barabara yenyewe ikifungwa, gunia halipiti. Januari ile ile ya 2021, intaneti nzima ilikatwa kuanzia usiku wa tarehe 13 mpaka tarehe 18, na VPN zetu zote, za bure na za kulipia, zilikaa kwenye simu kama picha.

Za bure tulizijua mapema, Julai 2018, ilipowekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na wenzao. Kila mtu akapakua VPN. Mimi pia. Matangazo yalikuwa yakiruka usoni, na bando nililonunua asubuhi likifika saa sita linapumulia mashine. Nikaja kupiga hesabu nikaona nakimbia shilingi 200 huku naliwa zaidi kwenye data. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba anayekupa gunia bure ana haja na kilicho ndani. Kulikuwa na programu ya bure ikiitwa Onavo Protect, ikijinadi kwamba inakulinda, na mwenyewe alikuwa Facebook, aliyeinunua Onavo mwaka 2013. Ilikuwa ikikusanya habari za programu unazotumia kwenye simu yako. Apple ilisababisha iondolewe dukani kwake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikawatoza kampuni tanzu za Meta (ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook) dola milioni 20 za kule kwa sababu watumiaji hawakuelezwa sawasawa. Nacheka kila nikikumbuka kwamba leo natafuta VPN ili niingie kwa hao hao.

Kabla ya bei, tazama sheria ya unapokaa. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka wanaotumia VPN kwa kazi zao watoe taarifa, pamoja na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mdogo wangu yuko Dubai, na alitaka nimuunganishe kwenye akaunti yangu apige simu za WhatsApp. Nilimwambia pole pole mwanangu: huko makampuni yanatumia VPN kwa kazi zao na si kosa, lakini mtu akiitumia kuficha anwani yake ili atende kosa, faini inaanzia dirham 500,000 na kufika milioni 2. Mshahara wake naujua. Tukabaki kutumiana sauti zilizorekodiwa.

Sasa bei, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Ukurasa wa VPN hukuonyesha namba moja kubwa: dola 2.49 kwa mwezi. Hakuna mwezi utakaolipa dola 2.49. Yangu ilikuwa miezi 24 na 3 ya bure, jumla 27, na pesa yote hulipwa siku ya kwanza: dola 67.23. Nilipofika penye kulipa, wakaongeza kodi ya asilimia 18, ikawa dola 79.33, karibu laki tatu za Uganda. Kwangu hiyo ni faida ya madera kama kumi na tano. Si pesa mbaya kwa miezi 27, ila ni pesa ya kutoa kwa mkupuo, na hujui kama kitu kitafanya kazi. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, palikuwa na namba ya pili: baada ya hapo, dola 89 kwa mwaka, bila kodi. Hiyo ni zaidi ya dola 7 kwa mwezi. Chukua karatasi uziandike hizo namba mbili pamoja. Bei ya punguzo ni ya kukuingiza mlangoni; bei ya kukaa ndani ni ile ya pili.

Halafu kuna saa. Kwenye ukurasa ule palikuwa na saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma: ofa inaisha baada ya saa 1 na dakika 52. Moyo ulinidunda. Nikafungua ukurasa huo huo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, saa ikaanza upya: saa 2 kamili. Kesho yake asubuhi bado ilikuwa na saa 2. Niliingoja mpaka mwisho wa Novemba, msimu ambao kampuni hizi hushusha bei kwelikweli, nikapata ile miezi 3 ya ziada ambayo mwanzo haikuwepo. Ukiwa na haraka, lipa mwezi mmoja kwa bei yake ghali, ujaribu huku ukingoja. Usikimbizwe na saa ya uongo.

Malipo yapitishe kwenye kitu unachoweza kukifunga. Mara ya kwanza nilitumia kadi ya benki kwa kampuni nyingine, mwaka mmoja kwa dola 39.48, nikasahau. Mwaka ulipoisha, saa tisa usiku simu ikalia: benki inanijulisha kwamba dola 99.48 zimetoka. Nilikaa kitandani nikadhani nimeibiwa. Kumbe nilikubali mwenyewe, usajili ulikuwa ukijirudia wenyewe. Niliwaandikia asubuhi ile ile. Yule wa huduma kwa wateja akanipa pole na kunizawadia miezi 3. Nikasema sitaki miezi, nataka pesa zangu. Akaniuliza kama nimejaribu kubadilisha seva, yaani mashine ya kampuni ninayopitia. Nikarudia sentensi ile ile mara nne, sikuongeza neno, na siku ya tisa pesa zikarudi. Siku hizi natumia kadi ya mtandaoni ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa yangu ya Kenya, na siku hiyo hiyo ninapolipa, naingia kwenye akaunti nazima kujirudia. Muda ulioulipia haupotei. Kama umenunua kupitia Play Store, kuzima kunafanyika huko huko Play Store. Kufuta programu kwenye simu hakuzimi kitu.

Nyingi zinaahidi kurudisha pesa ndani ya siku 30. Siku hizo usizitumie kustarehe, zitumie kuitesa. Mwaka 2018 tume ya mawasiliano ya hapa ilitangaza kwamba VPN zitazibwa, na mpaka leo zipo zinazopita laini moja na kugoma nyingine. Kwa hiyo mimi nilijaribu kwa laini zangu mbili na kwa Wi-Fi ya jirani, asubuhi, na zaidi ya yote saa mbili usiku, wakati kila mtu Kampala yuko kwenye simu. Nilipakia video moja ya dera, ile ile, kwa seva tatu. Nairobi ilichukua dakika moja na kidogo. Johannesburg karibu mbili. London niliiacha ikaenda nikamenya vitunguu. Gunia likizunguka mbali, linachelewa.

Ila jina la nchi lisikudanganye. Kampuni nyingine zinaandika Kenya na mashine yenyewe iko Ulaya. Anwani ndiyo ya Kenya, mwili uko kwingine. Utaijua kwa kupima muda wa kwenda na kurudi kwenye programu yoyote ya kupima kasi. Kutoka Kampala, Nairobi halisi haipiti milisekunde makumi machache. Ikikuonyesha mia na hamsini na zaidi, hiyo Nairobi imevuka bahari.

Kwenye mipangilio, mambo matatu ndiyo yenye faida kwangu, mengine nayaacha kama nilivyoyakuta. Itifaki, yaani namna gunia linavyofungwa na kusafirishwa, niliweka WireGuard kwa sababu ni nyepesi na inashika haraka ninapohama kutoka Wi-Fi kwenda data. Siku nikiwa mahali Wi-Fi imebanwa na haishiki, nabadilisha kwenda OpenVPN ya TCP, mlango wa 443, ambao ndio mlango wa tovuti za kawaida, kwa hiyo ni shida kuufunga. Ni nzito, lakini inapita. La pili ni kitufe cha kukata: VPN ikianguka, intaneti yote inasimama mpaka irudi, badala ya simu kuendelea uchi bila wewe kujua. La tatu hakuna mwongozo ulionifundisha. Simu zetu hizi za Android za bei nafuu zina tabia ya kuua programu zinazofanya kazi chinichini ili kulinda betri. Wiki ya kwanza VPN ilikuwa ikizimika kila skrini ikizima, nikawa nalaumu kampuni. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya VPN, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Yangu haijaanguka ovyo tena.

Usiiache imewaka kutwa. Programu ya benki yangu ikiona anwani ya Johannesburg inanifungia mlango. Google hunitaka nichague picha zenye taa za barabarani, mara tatu, kama niko darasani. Bando nalo linaliwa zaidi kidogo, kati ya asilimia 5 na 15, kwa sababu gunia lenyewe lina uzito. Dawa ni kugawa njia: kwenye mipangilio unachagua programu zipi zipite kwenye VPN na zipi zipite barabara ya kawaida. Kwangu Facebook na Messenger ziko ndani. Benki, pesa za simu na WhatsApp ziko nje.

Na Facebook wenyewe, chagua seva moja uing'ang'anie. Nilipokuwa nikirukaruka, leo Uholanzi, jioni Afrika Kusini, akaunti ya duka ilifungwa ikidhani nimedukuliwa. Siku mbili bila kujibu wateja, Ijumaa na Jumamosi, kuelekea Idi. Mteja mmoja alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp: "Dada, umetoroka na pesa yangu?" Sasa ni Nairobi tu, na ikizidiwa naingia ya pili ya Nairobi.

Mwisho, vifaa. Usajili wangu unaruhusu vifaa 10, na hapo ndipo punguzo linapokuwa tamu. Tumechanga watatu, mimi na wenzangu wawili wa Kikuubo, mtaa wa biashara hapa Kampala, kila mmoja katoa fungu lake, baada ya kusoma masharti tukaona hayatukatazi. Neno la siri nimeliweka mimi, na nikimuunganisha mtu namchukulia simu mkononi niandike mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi nafungua orodha ya vifaa nikiwa nakunywa chai. Mwezi uliopita niliona majina tunayoyajua, na moja tusilolijua, liko hewani wakati huo huo. Nikawapigia wenzangu, kila mmoja akaapa si yeye. Ndipo nikakumbuka ile Tecno yangu yenye kioo kilichopasuka, niliyomuuzia kijana mmoja mwezi wa tatu bila kuifuta. Alikuwa ameila VPN yetu miezi saba. Nikabonyeza kumtoa, nikabadilisha neno la siri, na jioni kijana akanipigia kuniambia simu niliyomuuzia imeharibika, Facebook haifunguki.