Somo: Meditesheni kwa mtu anayeishi kwenye kelele (chumba cha kupanga, watoto, spika za mtaani, vyote)

Wakuu salaam. Kila nikiona mtu anauliza meditesheni (kukaa na kufuatilia pumzi yako) inaanzaje, jibu la kwanza analopewa ni tafuta sehemu tulivu. Sasa mtu kapanga chumba kimoja Manzese, ukuta wake ndio ukuta wa jirani, sehemu tulivu anaitoa wapi? Somo hili ni la huyo. Wewe mwenye nyumba ya bustani Mbweni karibu pia, ila una raha zako.

Kabla ya hatua tuelewane kwanza, wengi wanadhani meditesheni ni kufuta mawazo, hapana, hatufuti mawazo. Haiwezekani na hakuna anayekudai ufanye hivyo. Kuna utafiti ulitoka 2010 wa Killingsworth na Gilbert wa Harvard, walikuwa wanawashtukiza watu kwenye simu, unafanya nini saa hii, unawaza nini, unajisikiaje. Watu 2,250. Wakakuta karibu asilimia 47 ya muda akili ya mtu haipo kwenye anachokifanya, na ikiwa haipo furaha ya mtu inakuwa ndogo kuliko ikiwepo. Kwa hiyo ukikaa ukaona mawazo yanakuburuza ujue yalikuwa yanakuburuza siku zote, leo ndio umeyakamata.

HATUA YA 1: KUKAA
Kiti cha plastiki kinatosha kabisa. Habari za kukunja miguu kama sanamu ya Buddha achana nazo, goti litakuuma na kesho hutarudi. Nyayo zote chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Kama huna kiti kaa ukingoni mwa kitanda ila usijilaze. Weka alamu ya dakika 5 halafu zima data, maana ikiingia meseji moja tu ya kikundi cha harusi imekula kwako. Muda mzuri ni asubuhi kabla hujaanza kuperuzi, au jioni kabla ya kula, ukishashiba ugali ni kusinzia tu.

HATUA YA 2: PUMZI
Funga macho au angalia chini. Vuta pumzi tatu nne ndefu kidogo, na ile ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta. Mapigo ya moyo yanapanda kidogo ukivuta na kushuka ukitoa, na mtu akishusha pumzi mabega yanalegea yenyewe. Baada ya hapo iache pumzi ijiendee, usiiendeshe. Tafuta unaisikia wapi vizuri, puani, kifuani au tumboni, chagua sehemu moja ukae hapo hapo. Puani utaona hewa ikiingia ina ubaridi, ikitoka ina vuguvugu. Kila ukitoa hesabu, moja, mbili, mpaka kumi, unarudi moja. Ukijikuta uko kumi na saba ujue ulishaondoka kitambo.

HATUA YA 3: KURUDI
Hii ndio kazi yenyewe, hizo nyingine ni maandalizi. Utahesabu nne, ya tano uko kwa yule anayekudai, mara unamjibu bosi yale ambayo ungemjibu jana, mara unawaza gesi imebaki kiasi gani. Kuna mahali utashtuka, "aah, nimeondoka". Hapo hapo sema kimoyomoyo nawaza, rudi kwenye pumzi, hesabu moja. Basi. Usijitukane na usianze kuchunguza kwa nini umewaza hicho, maana hayo nayo ni mawazo, yamevaa suti tu. Ukishtuka mara ishirini ndani ya dakika tano watu wengi wanasema leo imegoma, mimi nakwambia umefanya zoezi mara ishirini.

HATUA YA 4: KELELE
Hapa tukae kidogo. Yule jamaa wa sumu ya panya anayepita na spika mnamjua wote. Kawaida akianza tu unasema "na huyu naye", ukishamaliza naye unahamia kwa mwenye nyumba aliyekupa chumba cha barabarani, unaenda mpaka kwenye kodi ya miezi sita, jamaa ameshafika mtaa wa tatu na wewe bado umekasirika. Jaribu hivi, achana na pumzi kwa muda, ile sauti ndio iwe kitu unachokifuatilia. Inaanzia mbali haieleweki, inakaribia, panya, mende, kunguni, viroboto, inafika dirishani imejaa chumba kizima, inakata kona, maneno yanapotea inabaki mkwaruzo wa spika, na huo nao unaisha. Ikiwa karibu chungulia na mwili wako unafanyaje, utakuta umekaza taya na mabega yamepanda masikioni. Legeza, rudi kwenye pumzi.

Feni, bodaboda, mvua kwenye bati ni rahisi, zote unazifuatilia hivyo hivyo. Kazi ipo kwenye maneno, jirani anagombana na mkewe au redio inatangaza mpira, akili inataka kujua nani kafunga. Sikiliza sauti inavyopanda na kushuka tu, yanayosemwa yaache yapite. Ikiwa ni Simba na Yanga usijisumbue, fanya kesho.

HATUA YA 5: KUMALIZIA
Alamu ikilia usiruke. Sikia nyayo zako chini, sikia mikono, fungua macho taratibu, nyanyuka. Wiki ya kwanza dakika 5 kila siku, ukizoea peleka 10, baadaye 20. Bora tano za kila siku kuliko saa nzima Jumapili. Programu ya meditesheni ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu siku hizi inachukua wiki 8, kwa hiyo usije hapa keshokutwa kusema haifanyi kazi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mi nikifumba macho tu nalala fofofo, shida nini?
Jibu: Usingizi haukutoshi ndugu yangu, lala kwanza. Kama unalala vizuri na bado unasinzia basi fumbua macho, angalia sehemu moja sakafuni hatua kama mbili mbele yako, na usiegemee.

Swali: Jana nimeona mwanga wa zambarau katikati ya paji la uso, ndio jicho la tatu linafunguka au? Nifanye nini lifunguke lote
Jibu: Hahaha. Ukifumba macho muda mrefu rangi na vimulimuli vinatokea, ni macho na ubongo vinafanya yao, hata ukiyasugua utaviona. Rudi moja ukahesabu. Ukianza kuusubiri ule mwanga kila siku meditesheni imegeuka kusubiri mwanga.

Swali: Mchungaji wetu amesema ukiacha akili tupu mapepo yanaingia. Na rafiki yangu Muislamu naye kaambiwa ni ibada ya Kihindi. Mnasemaje?
Jibu: Chanzo chake kikubwa kweli ni Wabuddha na Wahindu, sifichi. Lakini kama ulivyoona hatuachi akili tupu, tunaangalia pumzi, hakuna mungu anayeitwa wala maneno ya kuimba. Muislamu anajua habari ya khushui (kutuliza moyo na akili) kwenye swala, ikikosekana mwili upo kwenye mkeka na akili ipo dukani, hilo ni tatizo lile lile. Kama dhamiri inakusuta kaa na sala yako, sina ugomvi na mchungaji.

Swali: Dada mwenzenu nina tatizo la wasiwasi, nikianza kufuatilia pumzi moyo unakimbia nahisi kama nakufa. Nilazimishe?
Jibu: Hapana dada, usilazimishe hata kidogo. Kuna watu pumzi ndio inawaamshia hofu. Fumbua macho, weka akili kwenye nyayo au shika kitu cha baridi kama kikombe cha maji, dakika moja mbili zinatosha. Na hiyo hali nenda kaieleze hospitali, za mkoa nyingi wana watu wa afya ya akili, hii haichukui nafasi ya matibabu. Aliyewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa asiende kwenye kozi ndefu za kukaa kimya kabla hajaongea na daktari wake.

Swali: Zile kozi za siku 10 za kukaa kimya vipi?
Jibu: Hizo ni Vipassana (aina ya meditesheni ya Kibuddha) za Goenka, mwalimu aliyezaliwa Burma 1924 akafariki 2013. Hawatozi ada, wanaishi kwa michango ya waliomaliza kozi. Unaamka saa 10 alfajiri, hakuna simu, hakuna kuongea na mwenzako, siku tatu za kwanza ni pumzi ya puani tu. Ni nzuri ila ngumu, anza na hizi dakika 5.

Swali: Natoka Mbagala kwenda Posta kila siku nimesimama kwenye daladala, naweza kufanya humo?
Jibu: Unaweza vizuri tu. Macho usifumbe, waleti iweke mfuko wa mbele. Shika bomba, sikia uzito wa mwili unavyohama mguu huu kwenda huu gari likikata kona, hiyo ndio pumzi yako ya leo. Ukishtuka unawaza foleni, rudi miguuni. Konda akigonga bati kituo chako shuka, usije ukapitilizwa ukasema ni mimi.